Droni Ilipozimika Juu ya Hema la Harusi

Kama umehudhuria harusi yoyote upande wa Kisii au Nyamira katika miaka hii ya karibuni, bila shaka umekisikia kile kitu kinachovuma juu ya vichwa vya watu mithili ya nyuki aliyekasirishwa. Bibi arusi hajashuka garini, nacho kimekwisha kupaa. Watoto huacha soda zao na kukimbilia uwanjani, akina mama hushikilia vilemba, nao wazee huinua nyuso juu kana kwamba wanangojea mvua. Hiyo ndiyo droni, na siku hizi harusi isiyokuwa nayo huhesabiwa kuwa ya wanyonge.

Agosti moja nilikuwa miongoni mwa waalikwa wa harusi iliyofanyiwa kwenye mgongo wa kilima, mwendo mfupi kutoka soko la Kebirigo. Mpiga picha alikuwa kijana wa mjini Kisii, mpole, mwenye kujua kazi yake, na jina lake nitalihifadhi. Aliirusha droni kutoka uwanja wa kanisa, akaiteremsha bondeni juu ya majani chai, akaunasa msafara wa magari ukipanda barabara ya vumbi, kisha akaanza kuirudisha. Ilipofika karibu na hema alisukuma kijiti cha rimoti hadi mwisho ili ipae kwa madaha mbele ya bibi arusi. Mlio ule ukakatika. Haukupungua, ulikatika, kama redio iliyochomolewa waya.

Ilianguka hatua mbili kutoka kwa mtoto wa miaka minne hivi aliyekuwa ameketi mkekani akila mandazi. Rafadha moja, yaani mojawapo ya zile panga ndogo zinazozunguka, ilivunjika ikaruka na kutoboa turubai la hema. Mtoto hata hakulia. Aliendelea kutafuna huku akikitazama kile kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Mama yake ndiye aliyepiga ukemi.

Usiniulize yaliyofuata. Ami yake bwana arusi alimkwida yule kijana kwenye ukosi wa shati. Mmoja alisema ni mtandao wa simu ulioingilia mawimbi, mwingine akasema ni satelaiti, na bibi kizee mmoja aliyekuwa karibu nami akanong'ona kwamba kuna mtu mwenye jicho baya aliyeionea gere harusi ile. Kijana alikuwa akirudia neno moja tu: "Mzee, ilikuwa na asilimia 38! Iliisha ghafla! Asilimia 38, mzee!"

Hakuna aliyemsadiki. Mimi nilimsadiki, na ndiyo sababu ya makala haya.

Juma lililofuata nilimtembelea katika chumba chake cha kazi. Droni nyingi za siku hizi huandika shajara ya kila safari, na shajara hiyo husomwa kwenye simu au kompyuta kama vile daktari anavyosoma cheti cha mgonjwa. Tuliifungua pamoja. Naam, wakati ilipoanguka kioo kilikuwa kikionyesha asilimia 38. Kijana hakusema uongo. Lakini kando ya tarakimu ile palikuwa na nyingine ambazo hakuwahi kuzitazama, na hizo ndizo zilizotusimulia kisa chote.

Hebu kwanza tujue betri hii ni kitu gani. Ukiifungua (tafadhali usiifungue!) utakuta si betri moja bali ni vifuko viwili, vitatu au vinne vilivyounganishwa kimoja baada ya kingine. Kila kifuko huitwa seli. Ni ndugu wa betri ya simu yako, ukoo wa lithiamu, ambao kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza mwaka 1991 na ambao wavumbuzi wake watatu, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walituzwa Nobeli ya kemia mwaka 2019. Seli iliyojaa huwa na volti 4.2 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya volti 3 huanza kuumia, na ikiachwa hapo kwa muda mrefu haiponi tena.

Kwa kuwa seli hizo zimefungwa mfululizo, umeme unaoendesha mota hupitia zote. Wewe uliyekulia milimani umewahi kuona wanaume wanne wakimteremsha mgonjwa kwa machela hadi barabarani. Watatu wakiwa na nguvu za fahali na wa nne magoti yamlegee, machela huanguka. Wale watatu hawana la kufanya. Basi shajara yetu ilionyesha hivi: seli mbili zilikuwa juu ya volti 3.5, nzima kabisa. Ya tatu, wakati ule ule kijiti kiliposukumwa hadi mwisho, iliporomoka chini ya volti 3. Droni ikakosa umeme wa kuzungusha rafadha, ikazimika.

Utauliza, mbona basi kioo kilisema 38? Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, na si katika droni tu, bali hata katika simu. Betri haina kibuyu ambacho unaweza kuchungulia ndani ukaona imebaki kiasi gani. Ile asilimia ni hesabu. Kuna kijisehemu cha kielektroniki ndani ya betri kinachohesabu umeme ulioingia na uliotoka, kama mwenye duka anayeandika daftarini kilo za sukari alizonunua na alizouza. Daftari likisema zimebaki kilo 20, ni 20, ila panya wakiwa wamekula nusu ya gunia usiku, daftari halina habari. Uzee, joto na matumizi mabaya ndio panya wa betri.

Usidhani jambo hili huwapata vijana wa Kisii pekee. Tarehe 31 Oktoba 2018 mamlaka ya usafiri wa ndege ya Uingereza ilitoa onyo kuhusu droni kubwa za aina ya DJI Matrice 200, ambazo hata polisi wa huko walikuwa wakizitumia. Baadhi yake zilikuwa zimepoteza nguvu zote angani hali vioo vikionyesha betri ingali na muda wa kutosha. Vikosi kadhaa vya polisi vilizishusha droni zao. Kampuni iliyozitengeneza ilitoa programu mpya ya kurekebisha hesabu ya betri. Ni vifaa vya bei ya gari hivyo, vinavyorushwa na watu waliosomea, na daftari lilikosea.

Kuna jambo jingine ambalo kioo hakisemi. Volti za betri ya lithiamu hazishuki kwa ngazi zilizo sawa. Nani katika ninyi amewahi kutembea juu ya mlima wa Manga? Unatembea unatembea, ardhi ni ya kuteremka kidogo tu, mguu haushituki, kisha ghafla uko ukingoni na chini yako ni jabali tupu. Ndivyo ilivyo betri. Kwa muda mwingi wa safari inateremka polepole, lakini karibu na mwisho inaporomoka. Betri mpya ukingo wake uko mbali, karibu na asilimia 10 au chini ya hapo. Iliyochoka ukingo wake husogea, ukaukuta kwenye 20, kwenye 30, na kwa maskini kijana wetu, kwenye 38. Tena ukiivuta kwa nguvu, volti hushuka zaidi kwa muda. Waendeshaji wa bodaboda wanalijua jambo hili kwa njia yao: pikipiki yenye petroli kidogo huenda salama tambarare, lakini ikitiwa mlimani na abiria wawili, huzima katikati ya mwinuko. Petroli ilikuwamo. Haikuwahi kufika.

Sasa tuje kwenye swali lililonisumbua zaidi: ile seli ya tatu ilidhoofikaje? Kijana alinieleza maisha ya betri ile bila kuficha, na kwa kweli nilisikia kisa cha punda.

Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kutoka kwa mtu aliyeipata kwa mtu. Mwezi wa Desemba ilifanya kazi bila kupumua, kwa maana kwetu Gusii Desemba ni mwezi wa harusi na wa sherehe za vijana waliotoka jando, na kila mwenye nyumba anataka picha ya angani. Alikuwa na betri mbili tu. Moja ikishuka ingali moto kama yai lililotoka sufuriani, aliichomeka papo hapo kwenye jenereta ya wapiga muziki, ili iwe tayari mwenzake atakaposhuka. Kuichaji betri ya lithiamu kabla haijapoa ni njia ya haraka ya kuiua. Kisha ikaja Januari, kazi zikaisha, watu wakalipa karo za shule. Betri ikatupwa kabatini ikiwa imeisha kabisa, ikakaa hivyo hadi karibu na Pasaka. Seli iliyo tupu huendelea kuvuja umeme kidogo kidogo hata isipotumiwa, na kwa kuwa seli hazifanani, moja hutangulia kuingia shimoni.

Kazi ziliporudi, alifanya kosa ambalo hata mimi ningelifanya. Alikuwa akiichaji ikajaa pomoni Jumapili jioni, mara tu arudipo, na kuiacha hivyo hadi Jumamosi. Nilipomuuliza sababu alicheka. "Stima, mzee. Ikiwapo unachaji. Ukingoja Ijumaa, itapotea." Nani atamlaumu? Lakini seli iliyojaa hadi koo haipendi kukaa hivyo siku nyingi, hasa penye joto. Hupumzika vizuri ikiwa katikati, kati ya asilimia 40 na 60 hivi, kisha ikajazwa mkesha wa kazi. Baadhi ya betri hujipunguza zenyewe zikikaa siku kadhaa bila kazi, lakini si zote, na za bei ya chini huwa hazina akili hiyo.

Halafu akanionyesha betri yenyewe. Nilipoiweka mezani ilibembea. Tumbo lake lilikuwa limefura kidogo, kama chapati inapoanza kuinuka kikaangoni. "Hii," akasema, "siku hizi huingia kwa kusukumwa na kiganja."

Hapo nikakumbuka habari ya mwaka 2016. Kampuni ya Marekani iitwayo GoPro ilizindua droni yake iliyoitwa Karma mwezi Oktoba. Hazikupita siku ishirini ikazirudisha zote, kiasi cha 2,500. Zilikuwa zikipoteza nguvu angani na kuanguka. Seli zenyewe hazikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika kibanio cha betri, ambacho hakikuishika sawasawa, hivi kwamba betri ilichomoka mahali pake wakati wa kuruka. Betri iliyofura haikai sawa, kibanio hakifungi hadi kilie, na mtetemo wa mota nne humaliza kazi. Tena kwetu kuna ukungu na mvua karibu kila mwezi wa mwaka, na vile vipande vya shaba vinavyogusana hupata kutu ya kijani usipovifuta. Kwa hiyo hata kama seli zake zingekuwa nzima, droni ile ilikuwa na njia nyingine ya kuanguka.

Lakini betri peke yake haikuiangusha droni ya Kebirigo. Kilima nacho kilishiriki.

Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu za Nyamira zinapita 2,000. Huku hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hadi 18 hivi. Droni huelea kwa kusukuma hewa chini, na hewa ikiwa nyepesi hulazimika kuzungusha rafadha kwa kasi zaidi. Kwa hesabu ya fizikia, kuelea tu mahali pamoja huku kwetu hula umeme karibu sehemu moja ya kumi zaidi kuliko pwani. Zile dakika zilizoandikwa kwenye sanduku zilipimwa mahali pasipo upepo, na betri ikiwa mpya. Ziamini kwa kiasi unachoamini ahadi za wakati wa kampeni.

Tena utazame sura ya nchi yetu. Nyumba, makanisa na shule ziko migongoni mwa vilima. Mito na majani chai viko mabondeni. Kwa hiyo mpiga picha huanzia juu, akaiteremsha droni bondeni wakati betri imejaa, kisha akaitaka ipande kilima wakati betri imechoka. Ni kama kumshusha punda mtoni bila mzigo, na kumpandisha akiwa na madebe ya maji jioni. Isitoshe, alasiri upepo huanza kupanda kabla ya ngurumo, na mara nyingi ule uliokusukuma ukienda ndio unaokupinga ukirudi. Na asubuhi za Julai, betri iliyolala kwenye buti ya gari huamka baridi, na betri ya lithiamu iliyo baridi hutoa umeme kwa shida. Ukiisukuma kwa nguvu kabla haijapata joto, volti huporomoka kama za mzee. Mafundi wanaojua huziweka chini ya koti, kifuani, hadi saa ya kazi, kisha huiacha droni ielee karibu na ardhi dakika moja kabla ya kuipeleka popote.

Nilimwambia yule kijana, na nakuambia nawe uliye na droni au mwenye mwana anayeililia: kabla ya kuruka, tafuta katika programu ukurasa unaoonyesha volti za kila seli. Zikiachana kwa sehemu moja ya kumi ya volti huku zikifanya kazi ndogo tu, betri hiyo si ya kurushwa juu ya kitu chochote unachokipenda. Ikiwa bonde liko chini yako, teremka kwa miguu ukaanzie huko, au la, anza kurudi betri ingali nusu. Sukuma betri hadi usikie kibanio kikilia. Na betri iliyofura usiitoboe kutoa hewa, kama nilivyosikia fundi mmoja akishauri; ile si hewa, ni gesi inayowaka. Wala usiitupe motoni au chooni. Iweke nje ya nyumba ndani ya ndoo ya mchanga mkavu, hadi utakapompata mtu wa kuifikisha Nairobi, ambako kuna vituo vinavyopokea taka za elektroniki. Usichaji betri za namna hii usiku watoto wakiwa wamelala chumba hicho hicho. Moto wa lithiamu huanza kwa sekunde chache, na moshi wake ni sumu.

Najua wapo watakaosema kwamba ndege nazo huzima injini angani na watu hawaziogopi. Ndege ina mabawa. Injini ikizima huteleza hewani kama mwewe, rubani akatafuta pa kutua. Zile droni zinazopeleka damu na dawa hospitalini, zilizoanza Rwanda mwaka 2016 na baadaye zikaja Kenya, Kaunti ya Kisumu, zina mabawa na parachuti pia. Hii yetu ya harusini haina bawa. Ina rafadha nne na umeme, na umeme ukikatika huanguka kama jiwe. Kilo moja inayoanguka kutoka mita 30 hufika chini ikiwa na kasi ya karibu kilomita 80 kwa saa. Mtoto wa mkekani alikuwa hatua mbili.

Ndiyo maana sheria za Kenya za mwaka 2020 kuhusu droni zinataka kila moja isajiliwe na mamlaka ya usafiri wa ndege, isipande zaidi ya futi 400, na isirushwe karibu na watu wasiohusika chini ya mita 50 bila idhini. Yule kijana alikuwa akizijua. Alidhani ni za kuwazuia watu wasichungulie makambi ya jeshi, au za kulinda kiwanja cha ndege cha Suneka. Hakudhani kwamba mwandishi wake alikuwa akiwaza kuhusu seli ya tatu.

Ami yule alidai turubai lilipwe, na likalipwa. Picha za harusi zilitoka, na mpaka leo maharusi wanazo: msafara wa magari ukipanda katikati ya majani chai, jua likiwaka, kisha kilima kikaja kwa kasi, bluu la hema, na giza. Kijana alitaka kuikata sehemu ile ya mwisho. Bibi arusi akakataa.

Mwezi uliopita nilimwona tena kazini upande wa Keroka. Alikuwa ameteremka bondeni peke yake na viatu vya mvua, betri mbili zikiwa kifuani ndani ya koti, na droni ilikuwa ikielea mbali juu ya mashamba ya migomba, haikaribii hema hata kidogo. Mzee mmoja mwenye kofia alinung'unika kwamba wamelipia droni na haiji hata kuwasalimu. Kijana alipopanda kilima akihema, mzee akamuuliza kwa nini anaificha huko.

"Baba," akamjibu kwa adabu, "nikiileta hapa nitalazimika kuwahamisha ninyi nyote."

Mzee akaitazama anga, akalitazama hema, akasogeza kiti chake ndani zaidi.